Unyayo Unaosikia na Unyayo Uliokufa Ganzi

Mnaongoja kupima watoto, sogeeni hapa mbele. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe tu, atasikia hivyo hivyo.

Leo tunasema juu ya unyayo. Wengi tunafikiri mguu unatembea kwa nguvu ya mifupa na misuli peke yake. Si hivyo. Chini ya ngozi ya unyayo kuna mishipa midogo ya fahamu, mingi sana. Inapeleka habari kwenye ubongo: hapa ni mchanga, hapa ni jiwe, hapa panateleza. Ubongo unajibu upesi: egemea huku, inua kisigino. Wewe mama unayetoka ziwani jioni na ndoo kichwani, miguu yako huioni, lakini huanguki. Ni unyayo unaokuambia.

Hata mtoto mchanga, ukimshika makwapani, nyayo zikagusa meza, anainua mguu mmoja, tena wa pili, kama anatembea. Bibi atashangilia: huyu atakuwa mwenda mbio! Hapana, karibu wote wanafanya hivyo, na baada ya miezi 2 hivi inapotea. Kutembea kwenyewe kunakuja karibu na mwaka mmoja. Akifika miezi 18 hajatembea peke yake, umlete tumtazame.

Anapojifunza, usimfunge viatu vigumu ndani ya nyumba, hata kama baba amevinunua kwa bei. Mwache miguu mitupu juu ya mkeka, ajue chini pakoje. Lakini chooni na penye matope machafu avae kandambili, maana minyoo ya safura inapenya ngozi ya unyayo.

Sasa sikieni vizuri. Kuna ugonjwa unaoua ile mishipa ya fahamu, nao ni ukoma. Msifikiri ni habari za zamani: hapa Kongo kila mwaka wanapatikana wagonjwa wapya zaidi ya 1,000, na watoto wamo. Mtu asiyesikia unyayoni anatembea akitazama chini, anapiga mguu kwa kishindo, gizani anayumba. Kibaya zaidi, kokoto ikiingia kiatuni anatembea nayo kutwa. Wewe ungechechemea, na kule kuchechemea njo kungekuokoa. Yeye anajua jioni, akiona damu.

Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, Uhindi, mwaka 1946, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa haviozi vyenyewe. Vinaharibiwa na moto na vidonda visivyosikika. Wengine walitafunwa na panya usiku, wasiamke.

Basi mtoto akikanyaga kaa la moto asilie, usimsifu kuwa shujaa. Mlete. Na ukimwogesha, tazama mwili wote: doa lililopauka au jekundu kidogo, lisilowasha wala kuuma. Mwambie afumbe macho, uguse doa kwa unyoya wa kuku, aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Asiposikia, njoo naye upesi. Jirani atasema amelogwa, mfiche ndani. Huyo jirani hatalipa mguu wa mtoto wako.

Dawa ipo. Tangu 1995 inatolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Inamezwa miezi 6 au 12 kadiri ya ugonjwa, na muda mfupi baada ya kuanza, mgonjwa haambukizi tena. Ale nanyi, alale nanyi. Ila dawa inaua vijidudu tu. Mshipa uliokufa siku nyingi haurudishi. Kwa hiyo tunawasumbua mje mapema.

Mwenye ganzi tayari, hata mzee mwenye ugonjwa wa sukari, macho yafanye kazi ya unyayo. Kila jioni atazame nyayo, au wewe umtazamie. Mgonjwa wa ukoma aloweshe miguu katika maji baridi, kisha apake mafuta, hata mawese. Huyu wa sukari asiloweshe, aoshe na kukausha vizuri katikati ya vidole. Kiatu kiwe laini ndani na kigumu chini, na kabla ya kuvaa kikung'utwe. Kidonda kikitokea asikikanyagie: apumzishe mguu, aje kwetu.

Haya, vueni watoto viatu na soksi. Leo kabla ya kupima kilo tutaangalia nyayo zote, na zenu pia.