Haki ya Fundi Siku ya Mvua na Radi

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini, Ikolo, wilayani Kyela)

  



Tumeombwa tuzungumzie ujenzi wa misikiti na madrasa, na huenda wengi wenu mmekuja mkitarajia kusikia habari za michango. Habari za michango haziishi, zitakuja wakati wake. Leo tunakusudia kumzungumzia mtu ambaye hatajwi katika risala wala katika taarifa ya mapato na matumizi, ila kwa tarakimu ya ujira wake: fundi anayekaa juu ya kenchi akipigilia bati huku wingu linakuja, na saidia fundi aliye chini shimoni akitoa maji kwa ndoo. Je, mtu huyo ana haki gani juu yetu siku ambayo mbingu imechafuka?

Swali hili si dogo kwa watu wa Kyela. Sisi tunaishi katika tambarare iliyo chini, kando ya Ziwa Nyasa, na nyuma yetu imesimama milima ya Rungwe na safu ya Livingstone. Unyevu wa ziwa hupanda, hugonga milima ile, na hurudi kwetu ukiwa mvua. Mvua yetu kwa mwaka hupita milimita 2,000, ambapo sehemu za kati za nchi yetu, kama Dodoma, hazipati hata theluthi yake. Wakati wenzetu wa mikoa mingine wanavuna, sisi mwezi wa Aprili na Mei bado tunavua viatu kupita njiani. Kwa hiyo anayesema asubiri kiangazi ndipo ajenge, ana miezi michache tu mkononi. Wengi hawasubiri, na kazi huendelea ndani ya mvua.

Tuanze na tukio ambalo kila Mwislamu analikumbuka. Siku ya Ijumaa, tarehe 11 Septemba 2015, siku chache kabla ya Hija, upepo mkali wenye mvua uliupiga mji mtukufu wa Makka jioni. Winchi kubwa iliyokuwa ikitumika katika upanuzi wa Msikiti Mtukufu iliangukia upande wa mashariki wa msikiti. Zaidi ya watu 100 walikufa, na mamia wakajeruhiwa. Allah awarehemu. Wapo waliosema mara moja kwamba ni kudra ya Allah, na hilo ni kweli, kwani hakuna jani linaloanguka asilolijua. Lakini serikali ya Saudi Arabia haikuishia hapo. Iliunda tume, na tume ikaeleza kwamba mkono wa winchi ile uliachwa umesimama juu wakati haifanyi kazi, kinyume cha maelekezo ya watengenezaji wake, ambao walitaka ushushwe. Upepo ulikuwa wa Allah. Kuuacha mkono ukiwa juu lilikuwa tendo la binadamu, na binadamu huulizwa kwa matendo yake.

Hapa ndipo lilipo kosa katika ufahamu wa wengi wetu juu ya kudra. Fundi akianguka kutoka kwenye paa lililolowa, sisi husema siku yake ilikuwa imefika, tukazika, tukala khitma (na khitma yenyewe ni bid'a, lakini hilo tuliache leo), kisha Jumatatu mwingine akapanda juu ya paa lile lile. Sayyidna Umar (r.a.) hakuielewa kudra hivyo. Alipokuwa njiani kwenda Shaam akafikiwa na habari za tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Allah, naye akajibu kwamba anaikimbia kudra ya Allah kuiendea kudra ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine mkavu: popote atakapochunga, atachunga kwa kudra, lakini mwenye akili huchagua penye majani. Kumshusha fundi juu ya paa ni kudra pia.

Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu kulala juu ya dari lisilo na ukingo, akasema mwenye kufanya hivyo dhamana ya kulindwa imemwondokea. Na Allah (s.w.) katika Surat al-Baqara, aya ya 195, ametukataza kujitia maangamizini kwa mikono yetu wenyewe. Ikiwa aliyelala usingizi juu ya dari anaonywa, seuze aliyebeba bati la futi kumi mbele ya upepo wa ziwa! Bati lile ni tanga la jahazi, na anayelishika hana nanga.

Tuje kwenye radi, maana ndiyo inayotisha zaidi na ndiyo yenye uzushi mwingi zaidi.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini bado wapo wanaoamini kwamba radi hutumwa. Mtu akipigwa, hutafutwa adui yake. Na katika ujenzi, wapo Waislamu, tena wenye kusali, wanaomwita mganga azindike kiwanja kabla ya msingi, au wanaofukia hirizi pembeni mwa nyumba. Ndugu zetu, huo ni ushirikina, na juu ya kuwa ushirikina hauzuii kitu. Radi ni kiumbe cha Allah kilichowekewa utaratibu wake. Ni nguvu ya umeme inayojikusanya katika wingu na kutafuta njia ya kufika ardhini, na kwa kawaida hupitia kilicho kirefu au kilichojitenga: mti, mnara, ukuta uliofika lenta, mtu aliyesimama juu ya paa katikati ya shamba la mpunga. Nondo zilizochomoza juu ya nguzo na ngazi ya chuma huipa njia nyepesi.

Kipimo chake ni chepesi, na hata mtoto wa madrasa anaweza kukitumia. Mwanga huonwa papo hapo, lakini sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukiona mmweko ukahesabu sekunde 30 au pungufu kabla ya ngurumo, radi iko ndani ya kilomita kumi, na inaweza kukufikia ingawa juu yako mbingu ni nyeupe. Hapo kazi ya juu isimame, na isianze tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mafundi wengi hushuka mvua inapoanza na kupanda inapokatika. Hilo halitoshi, kwani radi hutangulia mvua na hubaki nyuma yake.

Na wakishuka waende wapi? Hili linahitaji kusemwa kwa uwazi, maana wengi hukimbilia chini ya mwembe, na mti ndio unaopigwa. Wengine hujibanza ndani ya jengo lile lile lisilokwisha, chini ya bati zilizoshikwa na mirunda. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek kaskazini mwa Uganda, watu 14 walikufa kwa radi wakiwa wamekusanyika katika ibada ndani ya banda la bati. Huko Rwanda, wilayani Nyaruguru, tarehe 10 Machi 2018, watu wapatao 16 walikufa kanisani kwa radi. Hatuyataji hayo kwa kuwacheka watu wa dini nyingine, Allah atuepushe. Na sisi misikiti yetu mingi ya vijijini ni banda la bati. Mahali penye afadhali ni nyumba ya matofali iliyokamilika, mtu akakaa mbali na kuta, milango na nyaya, au ndani ya gari lenye bodi ya chuma, vioo vikiwa vimefungwa. Msikiti wenye mnara na uwekewe kinga ya radi, yaani fimbo ya chuma iliyopita kilele na kuunganishwa kwa waya mnene wa shaba hadi ardhini. Fedha anayopewa mganga na iende huko.

Hatari nyingine ni za ardhini, nazo huja mvua ikiwa imekwisha na watu wamesahau. Udongo wetu wa Kyela hunywa maji mengi, na maji ya chini hayako mbali. Anayechimba shimo la choo au msingi mrefu baada ya siku tatu za mvua amezungukwa na kuta zinazoyeyuka. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa huzidi tani moja na nusu. Mtu akifukiwa hadi kifuani hawezi kupumua, ingawa kichwa chake kiko nje na anawaona wenzake. Shimo lililopita kina cha kifua lisichimbwe na mtu mmoja peke yake. Kuta zake zizuiwe kwa mbao au zikatwe kwa mteremko, na udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni. Vivyo hivyo ukuta mpya wa tofali, ambao udongo au saruji yake haijakauka, ukinyeshewa usiku kucha usiegemewe wala mtu asipumzike kivulini mwake asubuhi.

Vijana wetu wanaochota mchanga katika mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo nao ni mafundi, ingawa hakuna anayewahesabu. Mito hiyo inatoka milimani. Hapa chini jua laweza kuwa linawaka, huku Rungwe mvua imenyesha tangu alfajiri, na maji yakateremka kwa ghafla. Maji yakibadilika rangi au yakianza kubeba majani na vijiti, mtu atoke, aache na koleo.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Hakuna fundi asiyejua kwamba bati lililolowa linateleza. Anapanda kwa sababu ujira wake ni wa siku, na asipopanda, jioni nyumbani hakuna unga. Tunapomwambia ashuke kwa usalama wake bila kusema lolote juu ya chakula cha watoto wake, tumempa nasaha isiyotugharimu kitu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwatwike wasiyoyaweza, na tukiwatwika basi tuwasaidie. Amehimiza pia mwajiriwa alipwe kabla ya jasho lake kukauka.

Ama ujira wa saa ambazo mvua imezuia kazi, wanavyuoni wa fiqhi wana maelezo mengi, na wapo waliosema mwajiri halazimiki nao. Sisi hatubishani nao. Tunachosema ni kwamba masharti ya Waislamu ni yale waliyokubaliana, na hakuna kinachozuia kamati kuandika tangu mwanzo kwamba siku ya mvua, fundi na saidia fundi waliofika kazini watapata nusu ya ujira. Kamati inayodai haina uwezo huo na iangalie kiasi ilichotenga kwa karamu ya ufunguzi.

Sheria ya nchi nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20 ya mwaka 2008, imeweka fidia kwa anayeumia kazini. Lakini saidia fundi wengi wa vijijini hawamo katika daftari lolote, na wakivunjika mgongo kinachobaki ni mchango wa msikitini. Wanavyuoni wa zamani walijadili ukuta ulioinama kuelekea njiani: wapo waliosema mwenye ukuta akishaonywa asiubomoe, kisha ukamwangukia mtu, anadhamini. Wajumbe wa kamati wautafakari mfano huo.

Huenda mtu akasema, Ramadhani iko karibu, na mfadhili anataka picha za paa. Kweli, miaka hii Ramadhani inatukuta ndani ya mvua. Lakini msikiti wa Mtume (s.a.w.) uliezekwa kwa makuti ya mtende. Katika Ramadhani moja mvua ilinyesha, paa likavuja, naye akasujudu katika maji na tope mpaka athari yake ikaonekana katika paji la uso wake. Sala ile haikupungua kitu. Na Ibn Abbas (r.a.) siku ya Ijumaa yenye mvua alimwamuru muadhini awaambie watu wasali majumbani mwao, akieleza kwamba alichukia kuwatoa watembee katika matope na utelezi. Ikiwa Ijumaa imelegezwa kwa ajili ya utelezi, kupigilia bati hakuwezi kuwa faradhi kuliko Ijumaa.

Ndugu zetu waliokwenda kutafuta riziki Oman na nchi nyingine za Ghuba wanatuambia kwamba huko, miezi ya joto kali, serikali husimamisha kazi za juani saa za mchana, na mwajiri anayekiuka hutozwa faini. Kule adui ni jua, kwetu ni mvua na radi, lakini kanuni ni moja: kuna saa ambazo kazi husimama kwa amri, bila fundi kulazimika kuomba.

Kwa hiyo tumeandika rasimu fupi ya makubaliano kati ya kamati na mafundi, nayo iko kwa katibu. Inataka mjumbe mmoja asikilize kila jioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuwajulisha mafundi kama limetolewa angalizo au tahadhari. Inampa yeyote aliyepo kazini, hata saidia fundi mdogo kuliko wote, haki ya kusema "tushuke" bila kukatwa ujira. Nafasi ya kiasi cha nusu ujira tumeiacha wazi, ijazwe na kamati pamoja na mafundi wenyewe wakiwepo. Baada ya sala ya Alasiri tutabaki hapa kwa wenye maswali, na mafundi tunawaomba wakae safu ya mbele.