Jumapili Mashabiki Walipomkataa Kocha

Leo tunakwenda Knoxville, mji wa jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Tarehe ni 26 Novemba 2017, siku ya Jumapili. Mchana wa siku hiyo habari zilivuja kwamba Chuo Kikuu cha Tennessee kimekubaliana na Greg Schiano ashike mikoba ya timu yake ya mpira. Usiku ulipoingia makubaliano hayo yalikuwa yamekwisha kufa. Schiano hakuwahi kuifundisha Tennessee hata kwa saa moja. Aliyemzuia si mahakama wala bunge. Ni mashabiki.

Nieleze kwanza ni mpira gani tunaouzungumzia. Ni ule wa Kimarekani, wa kukimbia na mpira mkononi, wachezaji wakiwa wamevaa kofia ngumu na mabega yaliyotuna kwa kinga. Wachezaji wa Tennessee ni wanafunzi wa chuo, lakini asije mtu akadhani ni bonanza la wanafunzi. Uwanja wa Neyland, ulioko ukingoni mwa Mto Tennessee, unachukua watu zaidi ya 100,000, na mji wenyewe wa Knoxville wakati ule haukuwa na hata wakazi 200,000. Mji huo hauna timu katika ligi kuu ya kulipwa ya mpira huo. Kwa familia nyingi za mashariki ya Tennessee, rangi ya chungwa ya chuo hicho hurithiwa, na tiketi za msimu hutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu. Aliyewahi kupita Msimbazi au Jangwani, kwenye klabu za mpira za Dar es Salaam, wiki ambayo kocha ametupiwa virago ataelewa hali ya hewa ya Knoxville Novemba ile bila kuelezwa zaidi.

Mchezo huu haukuanza hivyo. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa 6 Novemba 1869 mjini New Brunswick, jimbo la New Jersey. Rutgers waliwafunga Princeton 6 kwa 4, kila upande ukiwa na wachezaji 25, na pembeni ya uwanja hapakuwa na kocha. Nahodha ndiye aliyekuwa kila kitu: alipanga timu, akaongoza mazoezi, akaamua mbinu. Vijana walijiendeshea mchezo wao wenyewe. Wahitimu ndio waliobadilisha mambo. Mtu alimaliza chuo, akapata kazi na fedha, lakini moyo aliuacha uwanjani, na hakupenda kusikia kwamba chuo chake kimefungwa na mtani wa jadi. Mwaka 1905 Harvard ilimwajiri Bill Reid, kijana wa miaka 26, kwa dola 7,000, fedha nyingi kuliko alizolipwa profesa yeyote wa chuo hicho, na sehemu ya fedha hizo ilitoka mifukoni mwa wahitimu. Tangu hapo mchango ulikuja pamoja na sauti. Anayetoa anataka asikilizwe.

Leo, katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote ni kocha wa timu ya chuo. Gavana hamfikii. Chuo Kikuu cha Tennessee ni cha umma, kwa hiyo mwananchi anayepiga simu redioni kulalamikia kocha hajioni kama mtu wa nje anayeingilia ya wenyewe. Anajiona mwenye mali. Mimi nakubaliana naye. Swali lililobaki ni jinsi anavyoitumia haki hiyo.

Turudi Tennessee, maana hasira ya Jumapili ile haikuzaliwa siku moja. Phillip Fulmer, aliyewahi kuichezea timu hiyo mwenyewe, aliipa ubingwa wa taifa wa msimu wa 1998. Miaka kumi baadaye, matokeo yalipoharibika, akaondolewa. Akaja Lane Kiffin, kijana machachari, akakaa msimu mmoja tu. Januari 2010 alitangaza kuondoka kwenda California, na usiku huo wanafunzi walimiminika nje kwa hasira, godoro likachomwa moto. Akaja Derek Dooley, naye akashindwa. Akaja Butch Jones, akaonyesha dalili njema, kisha msimu wa 2017 mambo yakamwendea kombo. Tarehe 11 Novemba timu ilifungwa na Missouri 50 kwa 17, na kesho yake kibarua chake kikaota nyasi. Kumvunjia mkataba kuligharimu zaidi ya dola milioni 8.

Jumamosi ya tarehe 25 Novemba Tennessee walifungwa na Vanderbilt nyumbani kwao, 42 kwa 24. Ikawa mara ya kwanza katika historia yao, iliyoanza mwaka 1891, kupoteza mechi nane katika msimu mmoja. Katika ligi yao ya SEC walicheza mechi nane na hawakushinda hata moja. Mashabiki wakalala na machungu hayo.

Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na jina moja lililotajwa kila nafasi ilipokuwa wazi: Jon Gruden. Aliwahi kuwa kocha msaidizi mwanafunzi hapo Tennessee mwaka 1986 na 1987, kisha akatwaa Super Bowl, ubingwa wa ligi ya kulipwa, na timu ya Tampa Bay katika msimu wa 2002. Novemba 2017 alikuwa mchambuzi wa televisheni. Uvumi juu yake ulikuwa na maisha yake mwenyewe: ameonekana mgahawa fulani, ndege imetua, mkewe anatafuta nyumba. Watu wazima wenye kazi zao walikesha wakifuatilia safari za ndege ndogo ili wajue mkurugenzi wa michezo yuko wapi na ameketi na nani. Mtu aliyeahidiwa Gruden na moyo wake mwenyewe kwa miaka minane, ukimletea jina jingine lolote, hata liwe zuri, amekwisha kunyimwa.

Jina lililoletwa lilikuwa Schiano. Uwanjani hakuwa mtu wa kubeza. Aliichukua Rutgers mwaka 2001 ikiwa dhaifu kabisa na kuifanya timu ya kuheshimika. Mwaka 2006 ilishinda mechi 11. Baadaye alifundisha Tampa Bay katika ligi ya kulipwa, akatimuliwa baada ya misimu miwili. Mwaka 2017 alikuwa msimamizi wa safu ya ulinzi katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Lakini kati ya 1990 na 1995 alikuwa msaidizi katika chuo cha Penn State, na hapo ndipo moto ulipowakia. Penn State ndiko alikofanya kazi Jerry Sandusky, kocha msaidizi aliyetiwa hatiani mwaka 2012 kwa makosa 45 ya kuwadhalilisha watoto kingono.

Hapa, msikilizaji, naomba tuende taratibu. Mwaka 2016 ziliwekwa wazi nyaraka za kesi ya madai iliyohusu chuo hicho na kampuni yake ya bima. Ndani yake shahidi mmoja alisema aliambiwa na kocha mwenzake kwamba Schiano, enzi zile, aliona jambo baya. Shahidi hakuliona mwenyewe wala hakulisikia kwa Schiano. Schiano alikana. Yule kocha aliyetajwa kuwa ndiye aliyesimulia naye alikana. Ripoti kubwa ya uchunguzi wa mwaka 2012, iliyohoji watu zaidi ya 400, haikumtaja Schiano, wala hakuwa miongoni mwa waliohojiwa. Hakuna mwendesha mashtaka aliyewahi kumshtaki.

Lakini katika eneo la chuo cha Tennessee kuna jiwe kubwa ambalo wanafunzi wamezoea kulipaka rangi na kuliandika ujumbe, tabaka juu ya tabaka, siku ya kuzaliwa leo, mechi kesho. Jumapili ile jiwe hilo liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba Schiano alificha ubakaji wa watoto. Halikuandikwa kama swali. Watu walikusanyika karibu na uwanja wakiwa na mabango. Wabunge wa jimbo wakapaza sauti kumpinga. Wafadhili wakapiga simu. Jioni chuo kikarudi nyuma.

Sina shaka kwamba wapo waliosimama pale kwa uchungu wa kweli juu ya watoto, na uchungu huo ni wa haki. Kuuliza pia kulikuwa haki: mtu anayekabidhiwa vijana wa watu lazima achunguzwe, na uongozi wa chuo ulipaswa kuwaeleza wananchi ulichunguza nini kabla ya habari kuvuja, si baada. Mkurugenzi wa michezo, John Currie, alitoa maelezo yake Jumatatu, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Lakini naamini pia, nikiyatazama mambo yalivyofuatana, kwamba wengi walikuwa wamemkataa Schiano kabla hawajasikia neno Penn State, kwa sababu hakuwa Gruden. Tuhuma nzito kuliko zote ikageuzwa silaha ya kupata kocha mwingine. Hilo ni kosa kubwa, kwa Schiano na kwa wale watoto walioumizwa kweli.

Siku zilizofuata zilikuwa za fedheha. Currie aliwafuata makocha wa Oklahoma State, Purdue na North Carolina State, na kila mmoja akabaki alipo. Tarehe 1 Desemba, akiwa ametoka kuzungumza na Mike Leach wa Washington State, akaitwa nyumbani na kusimamishwa kazi. Kiti chake akapewa Fulmer, shujaa wa 1998. Mashabiki wakashangilia: sasa timu iko mikononi mwa mtu wetu.

Niliposoma habari za kipindi hiki neno hilo, mtu wetu, lilinikumbusha kisa cha jimbo la jirani, nami sipendi kipindi kipite bila kukitaja. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Alabama kilikuwa kinatafuta kocha. Sylvester Croom alikuwa mtu wao kwa kila kipimo: aliichezea Alabama, akafundisha hapo kama msaidizi miaka kumi, kisha akaingia ligi ya kulipwa. Ni mtu mweusi. Kazi akapewa Mike Shula, naye mchezaji wa zamani wa Alabama, mwana wa kocha mashuhuri Don Shula, lakini mwenye miaka michache ya kufundisha kuliko Croom. Desemba mwaka huo huo Mississippi State ikamchukua Croom, na ndipo ligi ya SEC, iliyoundwa 1932, ikapata kocha mkuu wa kwanza mweusi katika mpira huu. Novemba 2006 Croom alikwenda na timu yake Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, akashinda 24 kwa 16. Mwezi haujaisha, Shula akafukuzwa. Baada yake akaja Nick Saban, aliyeipa Alabama mataji sita ya taifa. Kwa hiyo kila ninaposikia mabishano ya nani anafaa, huuliza pia ni majina gani hayakuruhusiwa hata kufika mezani.

Fulmer akamteua Jeremy Pruitt, msimamizi wa ulinzi wa Alabama. Misimu mitatu: ushindi 16, kufungwa mara 19. Januari 2021 Pruitt akafukuzwa kwa kuvunja kanuni za usajili wa wachezaji, na Fulmer akastaafu siku hiyo hiyo. Mwaka 2023 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliitoza Tennessee faini ya zaidi ya dola milioni 8, kikafuta ushindi wake wa misimu miwili na kumfungia Pruitt kwa miaka sita. Gruden naye, yule wa ndoto, alirudi ligi ya kulipwa mwaka 2018, na Oktoba 2021 akajiuzulu baada ya barua pepe zake zenye maneno ya kibaguzi kuanikwa.

Aliyeitoa Tennessee shimoni ni Josh Heupel, kutoka chuo cha Central Florida, aliyeajiriwa Januari 2021. Hakuandamana mtu kumdai. Tarehe 15 Oktoba 2022, mbele ya watu 101,915, timu yake iliifunga Alabama ya Saban 52 kwa 49 kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho. Tennessee ilikuwa imefungwa na Alabama miaka 15 mfululizo. Watu wakaingia uwanjani, wakang'oa milingoti ya goli, wakaibeba mabegani na kuitupa mtoni.

Na Schiano? Novemba 2019 Rutgers, chuo kile cha mechi ya 1869, kilikuwa kinazungumza naye arudi. Mazungumzo yakavunjika. Mashabiki wa Rutgers wakaja juu, pamoja na wafadhili na wanasiasa wa New Jersey, safari hii wakidai aajiriwe, na ndani ya wiki moja chuo kikarudi mezani na kumpa mkataba wa miaka minane. Tuhuma zilikuwa zile zile na ushahidi ulikuwa ule ule. Mwaka 2017 mashabiki wa Tennessee walikuwa na haki ya kumkataa kwa rekodi yake ya uwanjani, na walikuwa na haki ya kudai majibu kwa viongozi wa chuo chao. Haki ya kumwandika mtu kuwa mhalifu juu ya jiwe hawakuwa nayo.