Sauti Ikikauka, Usingoje

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya. Tunaichapa ili iwafikie na wale ambao hawakujaliwa kuhudhuria. – Mhariri)



Nimepewa mada ya magonjwa ya masikio, pua na koo, na matokeo ya tiba zake. Mada hii ni pana na muda ni mfupi. Kwa hiyo nitashika jambo moja tu, ambalo nalifahamu kwa elimu niliyosomea na kwa mtihani uliotufika nyumbani, nalo ni sauti inayokauka na isirudi.

Wengi wenu mliwahi kuisikia adhana ya mjomba wangu. Sauti yake ilipoanza kukwaruza, tulidhani ni mafua, tukampa asali na tangawizi. Mwezi wa tatu akatokea mtu wa kutushauri kwamba akatwe kimeo, naye akakatwa. Ilipofika mwezi wa saba alikuwa akivuta pumzi kwa mlio, na usiku hawezi kulala chali. Ndipo tulipompeleka hospitali. Daktari alikuta saratani imekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia ya hewa. Zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kilichomo shingoni, likatolewa lote. Mjomba alipona, Alhamdulillah, akaishi miaka kadhaa; lakini hakuadhini tena. Nami niliyesomea uuguzi nilikuwa miongoni mwa wale waliomchanganyia asali.

Ndugu wapenzi, ni kwa nini sauti ni onyo la mapema? Ndani ya zoloto mna nyuzi mbili ambazo hukutana na kutetemeka pumzi inapopita. Uvimbe mdogo kama punje ya mchele ukiota juu ya uzi mmoja, nyuzi hizo hazikutani sawasawa, na sauti hubadilika. Tena mahali hapo pana mishipa michache sana ya limfu, ambayo ndiyo njia ya saratani kwenda kwenye tezi za shingo. Kwa sababu hiyo ugonjwa hukaa pale pale kwa muda kabla ya kuenea. Saratani nyingi nyingine hujificha mpaka zimekomaa, lakini hii ya nyuzi za sauti hubisha hodi ingali changa.

Basi yatazameni matokeo ya tiba. Mgonjwa anayewahi, wakati saratani ingali juu ya uzi wa sauti peke yake, hutibiwa kwa mionzi tu, au kwa upasuaji mdogo unaofanywa kwa kupitia kinywani. Kati ya wagonjwa kumi wa namna hiyo, takriban tisa hupona, na sauti zao hubaki. Anayechelewa mpaka uvimbe umeenea nje ya zoloto au kuingia kwenye tezi za shingo, tumaini lake hushuka kuelekea nusu, na pengine chini ya hapo.

Hata hivyo, aliyechelewa asikate tamaa. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanajeshi wastaafu 332 waliokuwa na saratani ya zoloto iliyokwisha kukua. Nusu yao walipewa dawa za saratani kisha mionzi. Wengine walitolewa zoloto kisha wakapewa mionzi. Baada ya miaka miwili, katika makundi yote mawili asilimia 68 walikuwa hai. Lakini katika kundi lile la kwanza, asilimia 64 walikuwa wamebaki na zoloto zao. Tangu hapo matabibu wanapopima matokeo ya tiba hawaulizi tu kama mgonjwa yu hai. Huuliza pia kama anasema, anakula na kupumua kwa njia yake ya asili.

Historia nayo ina funzo. Mwanzoni mwa mwaka 1887, Friedrich, mrithi wa ufalme wa Ujerumani, alikaukwa na sauti. Mwezi Mei madaktari wake walishuku saratani, wakajiandaa kumpasua. Daktari Mackenzie kutoka Uingereza akachukua vinyama vya kupimwa, na vipimo havikuonyesha saratani, upasuaji ukaahirishwa. Mwezi Novemba ugonjwa ulikuwa dhahiri. Februari 1888 alitobolewa koo ili apate kupumua, Machi akatawazwa akiwa hawezi kusema, na tarehe 15 Juni akafariki, baada ya kutawala siku 99. Upasuaji wa zama zile ulikuwa wa hatari kubwa, na hakuna awezaye kuapa kwamba ungemwokoa. Lakini funzo limebaki: kipimo kimoja kikisema hakuna kitu, na sauti bado haijarudi, mgonjwa arudi akapimwe tena.

Aliyetolewa zoloto hupumua kwa tundu lililo shingoni. Maji yakiingia humo huenda moja kwa moja mapafuni. Kwa hiyo anapotawadha na anapooga lazima alikinge. Baadhi yao hujifunza kusema upya, ama kwa hewa ya umio, ama kwa kifaa kidogo kinachowekwa shingoni. Tukimwona ndugu wa namna hii katika safu, tusimkodolee macho.

Nasaha zangu ni hizi:

Kwanza, sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali, omba kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo ili atazame zoloto lenyewe. Ukiwa na maumivu ya kumeza, uvimbe shingoni au damu katika makohozi, usingoje hata hizo wiki tatu. Na mwenye kupumua kwa shida apelekwe saa ile ile.

Pili, msiogope majibu. Mara nyingi sababu si saratani. Huenda ni kuchosha sauti, au kifua kikuu cha zoloto, ambacho kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi sita.

Tatu, msikate kimeo. Kukikata hakuondoi ugonjwa wa zoloto, na kwaweza kuleta damu nyingi, pepopunda na hata mauti. Hasara nyingine ni muda unaopotea.

Nne, acheni tumbaku. Tumbaku ndiyo chanzo kikubwa cha saratani hii, na ikichanganywa na pombe hatari huongezeka maradufu. Hata aliyekwisha kuugua aiache, kwani anayevuta huku akipigwa mionzi hupata matokeo mabaya zaidi.

Mionzi inapatikana hapa nchini, kama vile Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Safari ni ndefu kwa walio mbali, na nauli ni mzigo. Basi tusaidiane, tuchangishane mapema, maana nauli ya mwezi wa kwanza ina faida kuliko mchango wa mwezi wa saba.

Tumefundishwa kuomba dua na kutafuta tiba, vyote viwili. Mwenyezi Mungu atujalie kuwahi. Amin.

Wassalaam.