Kahawa Bora Huanzia Kihambani



Kahawa ya Arabika ilifika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, ikiletwa na wamisionari Wakatoliki huko Kilema. Haikubaki kuwa zao la mashamba ya walowezi. Iliingia kihambani, ikapandwa chini ya migomba, ikanyweshwa kwa maji ya mifereji iliyochimbwa na mababu, ikarutubishwa kwa samadi ya ng'ombe wa zizini. Kihamba ni kidogo, mara nyingi hakifiki hekta moja. Lakini humo ndimo yalimo makazi, chakula na makaburi ya wazee. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo hicho, huko Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Katika biashara ya leo, kahawa huhesabiwa kuwa ya daraja la pekee inapopata alama 80 au zaidi kati ya 100 mbele ya waonjaji. Wako wanaodhani kwamba ubora huo hutengenezwa ng'ambo. Sivyo hata kidogo. Mwonjaji hutambua tu kile kilichokwisha kutendwa nyumbani kwa mkulima. Buni haziivi siku moja, kwa hiyo familia hulazimika kuurudia mti ule ule mara nyingi katika msimu, ikichuma nyekundu na kuziacha za kijani. Zilizochumwa hapana budi zimenywe siku ile ile, zivundikwe mpaka utelezi uachie, zioshwe kwa maji safi, kisha zianikwe kwenye vichanja na kugeuzwa mara kwa mara mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Uzembe wa usiku mmoja huharibu kazi ya mwaka mzima. Na baada ya jasho hilo lote, kilo sita hivi za buni mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi.

Je, familia iliyojitahidi kiasi hicho hupata malipo yanayolingana na juhudi yake?

Wakulima wa Kilimanjaro walilitambua swali hilo mapema. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980. Julai 1989 mgawo wa mauzo wa kimataifa ulivunjika na bei ikaporomoka. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katika msimu wa 1994/95, ushindani ulikuwa wa kutafuta uzito. Kahawa safi na kahawa chafu zikanunuliwa kwa bei moja. Mkulima mwangalifu alipoona hivyo, alikuwa na haki ya kujiuliza anahangaikia nini. Wengine waling'oa mibuni, wakapanda mazao yanayoleta fedha haraka.

Dawa yake inajulikana. Wakulima wa kijiji wakimenya kahawa yao katika mtambo mmoja, na kila fungu likauzwa likiwa na jina la mahali lilikotoka, ubora huonekana na hulipwa. Lakini ada ya shule haisubiri mnada. Malipo ya pili yakichelewa, mzazi huuza kwa mlanguzi, hata kama anajua kuwa anapunjwa.

Hapo ndipo wajibu wa mtumishi wa umma unapoanza. Mkaguzi wa ushirika ahakikishe kuwa hesabu zinasomwa mbele ya wanachama kwa lugha inayoeleweka. Bwana shamba afikishe kihambani miche bora ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ya Lyamungo, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, kwani mibuni mingi imezeeka pamoja na wenyewe. Mwalimu naye amfundishe mtoto kuisoma stakabadhi ya mzani, ili amsomee bibi yake.

Wengi walioko maofisini na madarasani walisomeshwa kwa fedha ya buni. Deni hilo halilipwi kwa sifa. Hulipwa kwa kuhakikisha kuwa mkono uliochuma buni moja moja unapata bei ya kahawa bora, na unaipata kwa wakati.