Unyevu na Kohozi katika Tiba ya Kichina


Ofisini kwetu mjini wapo wanaorudi kutoka Kariakoo na dawa za Kichina, wakisema wana "unyevu". Nadharia yenyewe ni hii: bandama hugeuza chakula na maji kuwa nguvu. Vitu vya baridi, mafuta na sukari vikiidhoofisha, maji hutuama yakawa unyevu. Unyevu ukikaa huganda ukawa kohozi. Mapafu ni ghala lake tu. (Bandama hiyo, vijana, siyo ya somo la baiolojia!) Wazee wa Pwani nao husema balghamu, neno la Kigiriki lililopitia Kiarabu.

Lakini kikohozi cha wiki mbili kipimwe kwanza kifua kikuu. Hospitali za serikali hazitozi kipimo hicho.