Mshipa Bandia na Mkono Ulioharibiwa Mapema

Msikilizaji, mtu ambaye figo zake zimekoma kabisa husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa kawaida saa nne kila mara. Kwa mwaka ni mara 156, na kila mara huchomwa sindano mbili: moja ya kutoa damu, nyingine ya kuirudisha. Mashine hutaka mililita 300 au zaidi kila dakika, na mshipa ule unaotundikiwa dripu hauwezi kamwe kutoa damu kwa kasi hiyo. Huku mkoani Mara, ugonjwa wa figo ukitajwa, tunahesabu bei ya matibabu na nauli ya kwenda Bugando, Mwanza. Mara chache tunauliza damu itapita njia gani, na njia hiyo itadumu miaka mingapi. Hoja yangu leo ni kwamba umbo la mshipa bandia lina uzito wake, lakini uzito mkubwa zaidi uko kwenye mshipa wa asili unaoungwa nao, na huo tunauharibu wenyewe mapema.

Njia ni tatu. Ipo katheta, mpira unaoingizwa shingoni, ambao hutumika siku hiyohiyo lakini huwapa vijidudu mlango wa kuingia kwenye damu. Ipo fistula, na hapa sizungumzii ile ya uzazi: daktari huunga ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha) za mgonjwa mwenyewe, vena inapanuka na kukaza ukuta wake. Njia hii ilitangazwa na madaktari wa New York mwaka 1966, na bado ndiyo inayodumu kuliko zote ikishakomaa. Ya tatu ni mshipa bandia, bomba la plastiki laini lenye upana wa milimita 6 hivi, linalolazwa chini ya ngozi, upande mmoja ukiungwa kwenye ateri na wa pili kwenye vena. Ukiligusa kwa vidole linatetema, na mgonjwa hufundishwa kulipapasa kila siku, maana mtetemo ukipotea damu imeganda.

Bomba lenyewe haliozi. Tatizo huanza pale linapokutana na vena. Damu ya ateri hufika hapo kwa nguvu ambayo vena haikuumbiwa, bomba ni gumu na vena ni laini, damu inazungukazunguka, na chembe za ukuta wa vena zinaanza kuzaana kujikinga. Ukuta unanenepa, njia inakuwa nyembamba, mwishowe inaziba. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2009, lenye wagonjwa 649, mishipa bandia iliyopita mwaka mzima bila kuziba wala kuhitaji ukarabati ilikuwa asilimia 23 tu kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa waliopewa dawa za kuzuia damu kuganda ilikuwa asilimia 28. Wabunifu nao wamejaribu mengi: mdomo uliotanuliwa upande wa vena ili kutuliza mkondo, bomba jembamba upande wa ateri, bomba lililopakwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mdomo mpana umeonyesha nafuu katika baadhi ya majaribio; mengine yamesaidia kidogo kuliko yalivyotarajiwa.

Mtu atasema: basi kila mgonjwa awekewe fistula, tumalize. Si rahisi hivyo. Fistula huhitaji wiki 6 au zaidi kukomaa, na jaribio jingine la Marekani, la mwaka 2008, lilikuta karibu 6 kati ya 10 hazikufaa kusafishia damu. Mzee mwenye kisukari, vena zake zikiwa kama uzi, atapoteza miezi akisubiri huku mpira ukiwa shingoni. Huyo mshipa bandia unamfaa, kwa kuwa huchomwa baada ya wiki 2 au 3, na ipo aina ya tabaka kadhaa inayochomwa ndani ya siku chache. Kwa mtu wa Buhemba, ambaye kila ukarabati ni safari ya kupitia Bunda, Lamadi na Magu, swali la kumuuliza daktari ni hili: bomba likiziba, ni nani atakayelizibua, na wapi? Bomba la bei kubwa lisilo na mtaalamu wa kulizibua karibu ni hasara.

Wengine watasema haya ni ya hospitali kubwa, zahanati haihusiki. Mimi naona kinyume chake. Shinikizo la damu na kisukari huua figo polepole, na wachimbaji wetu wanaoshika zebaki kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na kuichoma kupata dhahabu wanaongeza mzigo juu ya figo zilezile. Maana yake mgonjwa huonekana zahanati miaka mingi kabla ya mashine, na katika miaka hiyo anachomwa pale penye kiwiko, anatundikiwa dripu kwenye kigasha, mara anakosewa, anachomwa tena. Vena ikishapata makovu, hakuna bomba la umbo lolote litakaloungwa nayo vizuri. Muuguzi akishajua figo za mtu zinadhoofika, atoe damu nyuma ya kiganja, auache salama mkono usiotumika kuandikia, na aandike hivyo kwenye daftari la kliniki, ili wa zamu inayofuata naye asiuguse.