Kabla Hujatoka Getini, Kagua Taa za Trela

Mimi ni dereva wa malori, na nimeombwa niongee na ninyi mnaotafuta kazi hiyo kwenye bohari za makontena za City Deep, jirani na hapa La Rochelle.

Jioni moja nilisimama kwenye roboti, ndivyo wanavyoita hapa taa za kuongozea magari. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja, anatetemeka. Gari lake dogo lilikuwa limesimama shubiri moja tu nyuma ya trela yangu, na mtoto yumo ndani. Akaniambia, "Baba, taa zako za breki haziwaki." Asubuhi nilikuwa nimekagua matairi na mafuta; nyuma sikufika. Plagi ya waya wa trela ilikuwa imelegea.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Kwanza naacha injini ijaze upepo, maana kwenye malori mengi shinikizo la upepo wa breki ndilo linalowasha taa hizo. Kisha namwomba mlinzi wa geti asimame nyuma huku nikikanyaga pedali. Zikigoma, naanza na plagi ya trela, halafu fyuzi, halafu balbu. Balbu iwe ya volti 24. Ile ya volti 12 ni ya gari dogo. Mwisho nafuta tope. Taa iliyojaa tope ni sawa na iliyozimika.

Lori likikwama, kwetu tumezoea kukata matawi na kuyatandaza barabarani. Hapa sheria inadai pembetatu nyekundu ya tahadhari, iwekwe angalau mita 45 nyuma ya gari.

Najua hofu yenu. Msimamizi anasema, "Nenda tu, utatengeneza kesho," nawe kazi ndiyo kwanza umeipata. Lakini sheria inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na askari akilisimamisha atakukuta wewe kwenye usukani, si msimamizi. Sema kwa adabu: "Bosi, nipe dakika kumi nirekebishe taa."

Mimi kwa kusema hivyo niliwahi kunyang'anywa safari, akapewa mwingine. Niliumia, lakini safari nyingine ilikuja. Yule mama, mtoto wake angempata wapi tena?